Mwalimu na Chumba Kilichoitwa Mwakani

Zamani niliamini kwamba Mwalimu alikuwa akisomesha majini. Sisemi nilidhani, wala nilihisi. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba chumvi hutoka baharini. Majini wenyewe, kwa habari zilizotufikia, walikuwa darasa zima, wa kike na wa kiume, na walikusanyika kwenye chumba cha mwisho cha shule pale Pongwe, kile kisichokuwa na madawati wala mlango. Walikuja alasiri, watoto wa binadamu wakishatawanyika. Walikuwa na adabu kutushinda sisi, hawakohoi, hawachelewi, na wote walivaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Hizo nguo niliziongeza mimi. Mengine yote niliyasikia kwa watu wazima wenye akili zao.

Na ushahidi ulikuwapo. Ukitoka kazini kwenye mkonge ukakatisha nyuma ya shule, unamsikia. "Nani anaweza kuniambia?" Kimya. "Haya, wewe wa pembeni, simama." Kimya kirefu, kama mtu anayejibu kwa sauti ndogo. "Vizuri. Kaa." Ukichungulia kwenye ufa wa ukuta unamwona Mwalimu peke yake, chaki mkononi, anayatabasamia majembe ya shule yaliyoegemezwa ukutani.

Rafiki yangu Yohana, Msambaa na Mlutheri, alikataa. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge mpaka zibaki singa tupu.

"Sisi Walutheri hatuna majini," akasema.

"Sawa. Aliyeambiwa akae ni nani?"

"Sijui."

"Basi ni jini."

"Ni jini, lakini si letu."

Tukakubaliana hivyo, tukapita njia nyingine.

Mwalimu alitoka wapi, ukoo wake upi, sisemi kwa sababu sijui, na nikisema nitakuwa nimetunga. Wengine walimpa Ubondei kwa utaratibu wake. Wengine walisema ni mtu wa huko Tongoni, kwa sababu akikasirika alikiacha Kiswahili cha vitabu akagombeza kwa Kimtang'ata, na hapo hata mbuzi waliokuwa wakipita njiani walisimama wima. Alikuwa mrefu. Masika ikianza yeye ndiye aliyelowa kwanza, akatuambia sisi wengine tukaanue nguo. Koti lake lilikuwa moja, la kaki, mifuko imejaa vipande vya chaki vidogo kama punje za mtama, maana hakukitupa kipande mpaka kiishie kwenye kucha. Ukimpa mkono, unabaki mweupe mpaka Ijumaa.

Mchana aliwafundisha watoto. Magharibi ikishaswaliwa, aliwasha karabai akatufundisha sisi, watu wazima wa korona na wa reli, vidole vimekakamaa, kalamu tunaishika kama panga. Mimi niliingia pale nikiwa na ndevu tayari. Herufi ya kwanza niliyoandika, Mwalimu aliitazama upande huu, akaitazama upande ule, akasema, "Hii ni nzuri, lakini si herufi."

Jina langu la pale alinipa yeye. Alituandikisha insha juu ya kwetu, nami nikaandika kwamba kwa mjomba wangu kulivuliwa changu mkubwa kama lori, watu wakapanda ngazi kumpara magamba. Akaisoma mbele ya wote bila kucheka.

"Bwana, hapa umetia chumvi."

"Mwalimu, samaki asipotiwa chumvi anaoza."

Tangu siku ile nikawa Bwana Chumvi, na mpaka leo kuna watu Pongwe wasiolijua jina nililopewa na baba.

Vitabu vilikuwa shida isiyoelezeka. Kitabu kimoja kilisomwa na meza nzima, kimewekwa katikati, watu wamekizunguka kama sinia la wali. Aliyekaa upande wa maandishi alisoma kama walivyosoma watu wengine duniani. Waliokaa mkabala naye waliyaona maneno yamesimama kwa kichwa, wakayazoea hivyo hivyo. Ndivyo watoto wa shule ile walivyojifunza, na ndivyo tulivyojifunza sisi wa jioni. Mimi nilikuwa wa upande wa pili. Mpaka leo nalisoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu bila kumsumbua, na nikipewa la kwangu nalipindua kwanza. Nikilisimulia hili watu hucheka, nami hucheka nao. Mwalimu hakucheka. Siku alipokuja Bwana Mkaguzi wa shule kutoka mjini, akamwita mtoto mmoja asome, mtoto akakipokea kitabu, akakigeuza juu chini, akasoma ukurasa mzima kama maji. Mkaguzi akasema mtoto huyu amekariri. Mwalimu akasema, "Hapana, bwana. Alikaa upande ule." Mkaguzi hakuelewa.

Shule ilikuwa na madarasa manne, na hapo ndipo ulipokuwa msiba wote. Mtoto akimaliza la nne anafanya mtihani. Akitaka la tano lazima apate nafasi kwenye shule ya kati, na shule za kati zilikuwa chache na mbali, na nafasi zilikuwa finyu kuliko tundu la sindano. Wachache mno walipita. Waliobaki walikwenda nyumbani, na nyumbani kwa watu wengi wa pale maana yake ilikuwa mashamba ya mkonge, wavulana kwenye kukata, wasichana kwenye nyaya za kuanikia katani. Mwalimu aliita mtihani ule chekeche. Alisema, "Mimi ni bawabu wa mlango ambao nyuma yake wamejenga ukuta." Na jingine alilolisema mara nyingi, tena kwa utulivu wa kutisha: "Nawafundisha kusoma saa, kisha nawapeleka mahali wanapoamshwa kwa king'ora."

Basi akapata wazo. Kama la tano liko mbali, litaletwa hapa. Akaenda kwa wazazi nyumba kwa nyumba, Waislamu wa pwani kwa Wakristo wa milimani waliokuja kwenye mkonge, akawaambia tujenge chumba cha tano, na chumba kikiwapo serikali haitaweza kusema hakuna mahali. Haikuwa kazi rahisi kuwaweka pamoja. Hapo mwanzoni tu kulikuwa na ugomvi wa kengele. Shule ilipewa kengele ndogo ya shaba, na baba mmoja wa Kidigo akamtoa mwanawe, akasema hapa wanasalisha. Mwalimu akavaa kanzu na kofia siku ya Ijumaa kumtuliza, na baba mmoja wa Kishambaa akamtoa wake, akasema hapa wanasilimisha. Mwalimu akaiweka kengele kabatini, akatundika kipande cha chuma cha reli, akakigonga kwa nyundo. Wale wazazi wawili wakaja kulalamika kwamba chuma kinaumiza masikio.

"Lakini dini yake mnaijua?" akawauliza.

"Haina."

"Basi leteni watoto."

Wakawaleta. Na siku ya kujenga kila mtu alikuwapo. Nimeona harusi nyingi, sijaona watu kama wale. Wanawake walileta maji, mtungi juu ya mtungi, mpaka visima vikabaki na vyura watupu. Wanaume wakasimamisha nguzo, wakafunga fito, wakakandika udongo, na Mwalimu mwenyewe akapanda juu kuezeka makuti, koti lake la kaki likawa jekundu kwa matope. Jioni akasimama ndani ya chumba kitupu. Akagusa ukuta mbichi kwa kidole kimoja, akaandika hapo hapo tarakimu ya tano.

Mkaguzi alipokuja tulikuwa tumejaa uani, watoto mbele, sisi wakubwa nyuma.

"Chumba hiki ni cha nini, Mwalimu?"

"Cha darasa la tano, bwana."

"Shule hii haina darasa la tano."

"Ndiyo maana tumejenga chumba, bwana."

Yule bwana alikizunguka chumba, akapiga ukuta kwa fimbo yake, akaridhika. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililotumaliza, kwa sababu mtu mbaya ungemchukia ukapata pa kuanzia. Akasema, "Kazi nzuri sana. Tutaliangalia mwakani. Kwa sasa wekeni majembe humu, yasinyeshewe."

Kesho yake kiranja, mtoto wa la tatu asiyekuwa na nia mbaya, akamjia Mwalimu na kusema, "Mwalimu, majembe tumeyaweka Mwakani."

Jina likashika. Nenda Mwakani ulete jembe. Ufagio uko Mwakani. Nani amejisaidia nyuma ya Mwakani? Na mwaka ulipogeuka Mkaguzi akaja tena, akaona majembe yamepangwa vizuri, akasema mwakani. Na uliofuata vile vile. Walevi wa pale kilabuni walipomwona Mwalimu anapita na baiskeli walimsalimu, "Vipi, Bwana Mwakani?" Naye aliteremka, akawaamkia kila mmoja kwa jina lake, akapanda tena. Wengi wao alikuwa amewafundisha.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiboko cha mkwaju, na huku akituambia sisi wa jioni kwamba kumpiga mtoto ni uvivu wa mwalimu, asubuhi yake ungemsikia mtu analia. Nilimwuliza siku moja. Akasema, "Bwana Chumvi, darasa lile limejaa kama soko la samaki. Uvivu wangu ndio huo." Alitufundisha kuheshimu saa, na saa yake ya mfukoni ilikuwa imesimama tangu enzi za Mjerumani. Alitusifia elimu mpaka tukatoka machozi, na mwanawe wa pekee alimtia kwa fundi cherehani mapema kabisa, kabla hajafika la nne. Mtu akimwuliza, alijibu, "Suruali ukiishona inavaliwa." Kisha akaenda zake kukoroga wino.

Na kwa majini ndiyo kabisa. Hakuna aliyewakejeli waganga kama yeye. Lakini ukimtania habari za chumba kile, hakukataa. Yohana alimwuliza mbele ya darasa zima la jioni, "Mwalimu, wale wa alasiri wanaendeleaje?" Mwalimu akainua karabai kidogo, akaitazama kama anaipima mafuta.

"Ndio wanafunzi wangu bora," akasema. "Hakuna aliyeacha."

Usiku ule Yohana, pamoja na Ulutheri wake, aliniomba nimsindikize.

Sasa niseme habari za Saumu. Saumu ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alikuwa ameshafariki, baba alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka shule. Nami nikisema alikuwa na akili mtasema Bwana Chumvi ameanza, kwa hiyo nitasema alilolisema Mwalimu. Alikuja nyumbani, akakaa barazani, akakataa chai, akasema, "Huyu nimemfundisha, nimemaliza nilichonacho. Nikimkuta ananitazama naona haya." Sikuelewa maneno yale. Nilidhani ni sifa tu.

Saumu alifanya mtihani wa la nne akapita. Kupita kulikuwa jambo moja, nafasi ikawa jambo jingine. Shule ya kati ya wasichana iliyokuwa karibu haikuwa karibu, na ilikuwa imejaa kabla majina ya Pongwe hayajafika. Mwalimu alipanda baiskeli yake akaenda mjini. Baiskeli ile haikuwa na breki, na kwa mteremko wa kuingilia Tanga alikuwa akisimama kwa kugusa kuta za watu. Alikwenda, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Safari ya mwisho nilimkuta njiani akiisukuma, gurudumu limepinda, suruali imechanika gotini.

"Wamesemaje, Mwalimu?"

Akanitazama kama mtu anayenitafuta jina.

"Wamesema mwakani."

"Saumu angoje mwaka mzima?"

"Hawakusema Saumu mwakani. Wamesema la tano letu, mwakani. Saumu hawakumsema."

Nikamsaidia kusukuma. Tulipofika shuleni aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Mwakani, akaingia ndani, akakaa juu ya mpini wa jembe. Nikasikia ananong'ona. Nikaondoka.

Saumu akaenda kwenye kuanika. Kazi yenyewe ni kuzitandaza singa mbichi kwenye nyaya, juani, kuanzia alfajiri, na singa zile zina maji makali yanayowasha. Baada ya wiki chache mikono yake ikawa imepasuka, na vidole vile vilivyoshika kalamu kwa maringo vikawa vinashika kijiko kwa shida. Hakulalamika. Jioni aliokota karatasi zilizofungia sukari dukani, akazisoma, pande zote mbili, na za juu chini pia.

Ilikuwa mwaka uliofuata, alasiri. Natoka korona, nimechoka, nimesahau kupita njia nyingine. Nikamsikia Mwalimu ndani ya Mwakani anaita majina. Anaita jina, anangoja, anaita jingine. Nikasimama kusikiliza majini wanaitwaje. Mara nikasikia, wazi kama ninavyowasikia ninyi:

"Saumu."

Kimya.

"Vizuri. Njoo ubaoni."

Nilikimbia. Treni ya Moshi haikukimbia kama nilivyokimbia mimi siku ile. Nilipita nyumbani bila kusimama, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa chuo, yule mzee anayefundisha Kurani, nikamwambia mdogo wangu ameitwa na majini. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akanipa kombe lile kwenye kikombe nimpelekee anywe. Saumu alikuwa amekaa kizingitini, anajipaka mafuta ya nazi mikononi.

"Naumwa nini?" akauliza.

"Umeitwa."

"Nani kaniita?"

"Usiulize. Kunywa."

"Kaniita nifanye nini?"

Nami kwa upumbavu wa hofu nikasema ukweli. "Usome. Kule Mwakani."

Alikuwa amekwisha kukifikisha kikombe mdomoni. Akakishusha, akakitazama.

"Kaka," akasema, "kwa nini hukuniacha niende?"

Kisha akanywa, kwa sababu aliniheshimu.

Miaka ile ikaenda hivyo. Mkaguzi alibadilika, akaja mwingine mnene, naye akasema neno lile lile, nikaanza kudhani wanafundishwa kwao. Kila mwaka la nne likamwagika kwenye mkonge. Mwalimu akaanza kunyamaza. Zamani alikuwa akitusimulia mambo ya dunia, mito ya barafu, milima inayotema moto. Sasa alitupa hesabu, akakaa. Siku nyingine karabai ilizimika kwa kuisha mafuta naye hakugundua, akaendelea kufundisha gizani, na sisi tukaendelea kuitikia.

Mwishowe ikaja barua akaondolewa. Sababu hatukuambiwa, na yeye hakusema. Pongwe ikajitungia yake. Ikasemwa habari za majini zimefika serikalini. Mimi mwenyewe nilizisambaza mpaka Muheza. Akafunga vitu vyake na vya mkewe kwenye mkokoteni, akahamia Mabawa, kule Tanga mjini, chumba cha kupanga. Akaletwa kijana mwenye cheti na viatu vinavyolia. Alikaa muhula mmoja tu. Akapata kazi ya ukarani bandarini, na sikumlaumu, maana kule kulikuwa na kiti. Baada yake wakaunganisha la tatu na la nne chini ya mwalimu mmoja mpya. Shule yetu ya jioni ikafa bila matanga. Masika iliyofuata ilikuwa kali, na asubuhi moja kiranja akaja mbio mpaka nyumbani kwa yule mwalimu mpya kumwambia, "Mwakani imeanguka." Yule bwana, aliyekuwa mgeni, akauliza kwani sasa ni mwezi gani.

Nilimwona Mwalimu mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, siasa zimepamba moto, kila ukuta una maandishi, nami nikayasoma yote. Nilikwenda Mabawa pamoja na Saumu, aliyekuwa ameshaolewa, mtoto mgongoni, ndizi mkononi. Tulimkuta barazani, amekaa kwenye kigoda, miguu mirefu imekunjwa kama kiti cha kukunja. Macho yalikuwa yameingia utando. Mkewe, tuliyekuwa tukimwita Mama Mwalimu, alikuwa kando yake kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Bwana Chumvi."

Akatabasamu kidogo. "Yule changu walishamaliza kumpara?"

"Bado, Mwalimu. Wamefika shingoni."

"Na huyo mwingine anayepumua ni nani?"

"Ni mimi, Saumu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema, na uso wake ukabadilika. "Saumu wa la tano."

Saumu akamweka mtoto vizuri mgongoni. "La nne, Mwalimu. Mimi niliishia la nne."

"Mh," akasema Mwalimu. Mkewe akaacha kukuna. Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ile ya darasani, "Mwakani ipo?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie imesimama kama ngome ya Mreno, imetiwa mabati, ina kengele. Saumu akanitangulia.

"Imeanguka, Mwalimu. Masika."

"Ukuta wa kaskazini?"

"Yote."

"Majembe?"

"Majembe waliyatoa mapema."

"Vizuri," akasema. "Kaa."

Saumu akakaa, palepale sakafuni mbele yake, kama alivyokuwa akikaa. Baadaye kidogo Mwalimu alitafuta ukuta kwa mkono, akainuka, akaingia ndani kuswali, na kwenye ukuta pale alipopapasa hapakubaki alama yoyote nyeupe.

Nilitaka kumchangamsha mama wa watu. Nikamwambia, "Mama Mwalimu, sasa ametulia, tuambie. Wale majini wa Pongwe wamewafuata huku au wamebaki kule?"

Hakucheka. Akafuta mikono kwa kanga, akamtazama Saumu, kisha akanitazama mimi.

"Hapakuwa na majini," akasema, "na hili usilitie chumvi. Mume wangu aliishia la nne. La tano hakulisoma, na waliposoma karatasi zake ndipo walipomwondoa. Alikuwa akijifundisha mwenyewe, kwa sauti, ili siku wakilifungua asikutwe hajui. Na majina aliyokuwa akiyaita yalikuwa ya watoto waliotoka la nne, kwa sababu alisema hawezi kufundisha darasa asilolijua majina."